Muhindo ni jina la kike au la kiume? Niliyowaambia wazazi pale Kasese

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao cha wazazi hapa Kasese, magharibi mwa Uganda. Watu kadhaa wameniomba niiandike manake wengine walifika nishamaliza na wengine walibanwa na mvua huko nje, basi nimeiandika vile nilivyoisema, nimepunguza tu salamu za mwanzo.

Wazee wangu, wamama, wababa, vijana, hamjambo. Nimeambiwa niongee Kiswahili kwa sababu humu ndani kuna Mkonzo, kuna Mtooro, kuna Msongora, kuna wenzetu waliovuka Mpondwe wakitoka Kongo, na kuna wazee wa Kilembe ambao baba zao walikuja kuchimba shaba kutoka kila kona ya nchi hii, na kule kambini Kiswahili ndo kilikuwa kinawaunganisha. Mimi nimefurahi, kwa sababu Kiswahili kitanisaidia leo, mtaona mbele.

Mimi naitwa Muhindo. Wakonzo mlioko hapa mkisikia hivo tu mshajua habari zangu zote za kuzaliwa, lakini ngoja niwaeleze wenzetu. Kwetu mtoto anapata jina kwa kufuata namba yake. Mvulana wa kwanza ni Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Sasa mtu wa pwani akisikia Masika anafikiri mvua za masika, akisikia Kule anageuka kutazama kule, na Thembo ndo kabisa, anatafuta mnyama. Kumbe ni watoto wa watu, wamepangwa kwenye mstari wao vizuri.

Nyumbani kwetu walitangulia wavulana watatu, Baluku, Bwambale, Masereka. Mama alipobeba mimba ya nne kila mtu alikuwa anamsubiri Kule, hata baba alikuwa anasema Kule akija tutamjengea chumba na kaka zake. Nikaja mimi. Bibi ndo alikuwa mkunga, mama anasimulia kwamba bibi alitoka nje na mikono yake bado ina maji, akawakuta wanaume wameketi karibu na majamvi ya kahawa, akasema neno moja tu, Muhindo, akarudi ndani. Hakusema ni msichana, wala hakuna aliyeuliza, manake neno lenyewe lilishasema. Muhindo ni mageuzi, ni yule mtoto anayeugeuza mstari, walikuwa wanakuja wavulana amekuja msichana. Na kama nyumba nyingine walitangulia wasichana watatu halafu akaja mvulana, huyo mvulana naye ni Muhindo vilevile. Sasa niambieni nyinyi, Muhindo ni jina la kike au la kiume?

Hilo swali nimeulizwa maisha yangu yote, na siku moja lilinigharimu. Nilienda kujiandikisha kitambulisho. Fomu nilijaza kwa mkono, nikakunja nikaweka kwenye mkoba, nikakaa foleni tangu asubuhi, na ile alama niliyoweka kwenye jinsia ikawa imefifia palepale kwenye mkunjo. Aliyekuwa anaingiza kwenye kompyuta siye aliyenipiga picha, hakuniona, aliona karatasi tu, na hakuwa mtu wa huku. Akasoma Muhindo. Kwake hilo lilisikika kama mwanaume. Simlaumu sana na sitataja ni wapi.

Kadi ikaja. Picha ni mimi na hereni zangu, kitambaa kichwani, na pembeni imeandikwa M. Na si hapo tu jamani, toeni kadi zenu mtazame ile namba ndefu, namba ya utambulisho ya taifa, ina herufi na tarakimu 14. Inaanza na C kwa raia, halafu herufi ya pili ni M au F, halafu mwaka wako wa kuzaliwa. Yaani jinsia imeshonwa ndani ya namba yenyewe, hapo mwanzoni kabisa, CM au CF. Mimi nikawa CM. Nikienda kusajili laini ya simu namba inasema mwanaume, nikienda benki yule binti wa dirishani anatazama kadi, ananitazama, anatazama kadi, anaenda kumuita mkubwa wake. Kurekebisha kulichukua miezi, barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, fotokopi juu ya fotokopi, nauli ya kwenda na kurudi, na kila meza niliyofika nilianza upya kueleza maana ya Muhindo. Mwisho walisahihisha. Lakini nilijifunza kitu kwenye zile meza, kwamba tatizo halikuwa jina. Bibi yangu alilitamka mbele ya watu kumi na wote wakaelewa. Tatizo lilianza pale jina lilipofika kwa mtu asiyelijua na yeye akaona aibu kuuliza, akakisia.

Na hapa ndo Kiswahili kinanisaidia. Tazameni, nikisema kwa Kiswahili Muhindo amekuja, amekula, amelala, hakuna mahali pameonyesha ni mwanamke au mwanaume. Yeye ni yeye. Lukonzo hivohivo, Rutooro hivohivo, Luganda hivohivo. Mtu anaweza kunisimulia habari za jirani yake nusu saa nzima kabla sijajua ni baba au mama, na hadithi haijapungua kitu. Lakini mwalimu akishika kalamu kuandika ripoti kwa Kiingereza, sentensi ya kwanza tu inamdai achague "he" au "she", na kama darasa lina watoto 90 na majina hayajui anachagua kwa masikio. Ndo maana swali hili la jina ni la kike au la kiume linatusumbua zaidi kwenye karatasi kuliko nyumbani.

Sisemi kwamba mababu hawakutenganisha, walitenganisha sana na kwa ufundi mkubwa. Nendeni Acholi au Lango, O ni mvulana na A ni msichana. Opio na Apio, Ocen na Acen kwa mapacha, na anayefuata mapacha ni Okello au Akello. Aliyezaliwa mvua inanyesha ni Okot au Akot. Herufi moja tu mbele, umemaliza. Teso pia wanayo hiyo, Opolot na Apolot, Okiror na Akiror. Panda Karamoja, huko ni Lo na Na, mtoto wa mvua ni Lokiru au Nakiru, mtoto aliyekuja siku wageni wamefika ni Lopeyok au Napeyok. Halafu shuka mpaka Buganda, lugha haihusiani kabisa na ya Karamoja, lakini Na ya msichana utaikuta tena, pacha mdogo wa kiume ni Kato na wa kike ni Nakato. Mimi hicho kitu huwa kinanishangaza kila nikikifikiria, watu wawili wasiosikilizana hata salamu, wamekutana kwenye silabi moja ya binti.

Lakini hao hao Waganda, wenye Na yao, mtoto anayetangulia mapacha anaitwa Kigongo na anayewafuata anaitwa Kizza, awe wa kike awe wa kiume. Hapo hawakuhangaika na jinsia. Kwa nini? Mimi naona ni kwa sababu kilichokuwa kinawagusa hapo ni mapacha, mtoto anatambulishwa kwa lile jambo kubwa lililopita nyumbani, na jambo lenyewe halina uke wala uume. Ni kama Muhindo wetu. Jina linabeba tukio.

Mkitaka mfano mnaoujua wote, chukueni rais. Museveni alizaliwa 1944, wakati wa vita, na jina lake limetokana na wale askari wetu waliokuwa kwenye batalioni ya saba ya King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, watu wakawaita Abaseveni. Yaani namba saba ya Kiingereza imeingia kijijini ikavaa nguo za Runyankole ikawa jina la mtoto. Leo mtu akisikia Museveni hasikii saba hata kidogo. Jina lilikuwa geni, la ajabu kabisa kwa wakati ule, na limekuwa la kawaida kwa sababu mtu alilibeba.

Twendeni kwa wakimbiaji wetu wa Sebei, kule mlima Elgon, manake hapa kuna jambo nalipenda. Kwa ndugu zao wa upande wa Kenya, Kip huwa ni mvulana na Che au Chep huwa ni msichana. Haya, Stephen Kiprotich alishinda dhahabu ya marathoni London 2012, sawa, Kip. Peruth Chemutai alishinda dhahabu Tokyo, mbio za kuruka viunzi na maji, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, sawa, Che. Halafu anakuja Joshua Cheptegei, dhahabu Tokyo, dhahabu tena Paris 2024, Chep, na ni mwanaume. Na kuna nyumba moja imetoa ndugu wawili, mmoja Jacob Kiplimo, mdogo wake Oscar Chelimo aliyepata shaba ya mita 5000 kwenye mashindano ya dunia ya 2022. Kiplimo na Chelimo, mzizi ni ule ule limo, wote wawili ni wanaume. Mtu aliyejifunza kanuni upande wa pili wa mlima Elgon atasema hapana, Chelimo ni binti. Avuke mlima aende Kapchorwa awaulize wenyewe.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo. Wengi wenu mnajua mimi ni mwalimu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mvulana wa darasa la saba, wazazi wake wametoka Ankole wakaja kufanya kazi huku, jina lake Mbabazi. Mtoto mpole, mwandiko mzuri, anakaa dirishani. Darasani kulikuwa na watoto wengi wanaoongea Kiswahili cha Kongo, na siku moja mmoja akauliza Mbabazi maana yake nini, akajibiwa ni rehema, ni huruma ya Mungu. Basi ikawa imeisha. Kuanzia siku hiyo wakamuita Rehema. Rehema njoo ufagie. Rehema sketi yako iko wapi. Kwa sababu kwa Kiswahili Rehema ni msichana, hakuna mtu anamjua Rehema mwanaume. Akaja kwangu wakati tunaandika majina ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, akasimama mlangoni hataki kuingia, akasema mwalimu niandike jina lingine lolote, niandike hata John peke yake.

Nikamwambia mlete baba yako. Baba akaja siku ya pili, na buti za kazi zina vumbi la saruji, akakaa kwenye benchi la watoto magoti yamefika kifuani. Sikumhutubia kitu, nilimwambia tu mweleze mtoto kwa nini anaitwa hivo. Yule baba alikaa kimya kidogo, halafu akaongea kwa Runyankole polepole, mimi nilishika karibu yote. Akasema usiku uliozaliwa mama yako alitoka damu mpaka godoro likalowa, tulikuwa mbali na barabara, nilimbeba na jirani kwenye kitanda cha miti tukitelemka kilima, na mimi njiani nilishawapoteza nyinyi wawili moyoni, nilikuwa nafikiria nitawazika wapi. Tukafika. Mkapona wote. Asubuhi nesi akauliza jina la mtoto nikasema Mbabazi, sikuwa nimepanga, ndo neno lililokuwa mdomoni. Akamaliza. Mtoto hakusema kitu, alikuwa anatazama zile buti. Nikachukua kalamu nikamuuliza niandike nini, akasema andika lilelile.

Sitawaambia kwamba wenzake waliacha kumtania palepale, hawakuacha. Lakini nilimwona siku nyingine uwanjani mmoja anamwita Rehema, naye akageuka akamwambia ndiyo, unajua kwa nini? Akaanza kusimulia. Wale watoto wakakaa chini kusikiliza.

Na lile jina lenyewe, Mbabazi, kwa Wanyankole na Wakiga ni la wote. Tulikuwa na waziri mkuu Amama Mbabazi kutoka 2011 mpaka 2014, na sokoni hapa mkiita Mbabazi watageuka wamama wanne. Tazameni neno linavyobadilika likivuka lugha tu. Mugisha ni mvulana, ndo Baraka, mvulana tena. Ukiligeuza kwa Kiingereza likawa Blessing limekuwa msichana. Na Mnyankole akitaka baraka ya binti anasema Kyomugisha au Kemigisha, amemaliza. Amani kwa Kiswahili ni wote wawili, Busingye ni wote wawili, Mirembe ya Waganda ni binti, na Peace ninaowajua mimi wote ni mabinti. Maana ni moja! Neno amani halijabadilika kitu, masikio ndo yamebadilika. Halafu kuna yale majina ya Wanyankole na Wakiga ambayo ni sentensi nzima, Tumusiime, tumshukuru, Tumwesigye, tumwamini, Ahimbisibwe, atukuzwe, Arinaitwe, yuko pamoja nasi. Hizo ni sala. Nani anaweza kusema sala hii ni ya wavulana?

Watooro wenzetu nisipowataja mtaniuliza nje. Empaako. Yale majina 12 ya heshima na mapenzi, Amooti, Akiiki, Adyeri, Abwoli, Ateenyi, Araali na mengine, moja wapo ni Okaali la mfalme. UNESCO waliyaingiza 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu lugha inapungua na mila inapungua nayo. Mimi nimeolewa karibu na Watooro na kitu kilichonigusa ni hiki, mtu anakusalimia anakuuliza empaako yako kwanza, unamwambia, na baada ya hapo ndo anakuita hivo, na Akiiki anaweza kuwa mzee mwenye mvi au msichana wa miaka sita aliyebeba maji. Heshima ni ileile. Hakuna Akiiki ya wanaume na Akiiki ya wanawake.

Na nyinyi Wakatoliki mnaojifanya majina yenu ya ubatizo hayana utata, nani humu anaitwa John Mary? Naona mikono miwili, mitatu. Wanaume wazima, wana watoto. Mary ni jina la nani? Lakini kwetu Uganda John Mary ni mwanaume na hakuna anayeshtuka, manake tuna shahidi wetu wa dini John Mary Muzeeyi, aliyeuawa Mengo Januari 1887, wa mwisho katika wale mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda. Watu walimjua, wakalipenda jina, likawa la kiume. Hivo tu.

Wazungu nao msidhani wamemaliza hili jambo. Shirley, ambalo leo mkilisikia mnaona binti, zamani Uingereza lilikuwa la wanaume, mpaka ikatoka riwaya moja 1849 ambayo shujaa wake ni msichana, wazazi wake walitaka mtoto wa kiume hawakumpata wakampa jina la kiume hivohivo, wasomaji wakampenda na baada ya hapo watu wakaanza kuwaita mabinti zao Shirley. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi yangu na mikono yake ya maji. Andrea ukienda Italia ni mwanaume, ukienda Ujerumani ni mwanamke. Na kule Iceland kuna kamati kabisa ya serikali inayokubali na kukataa majina, ikamkatalia binti mmoja jina la Blær, maana yake upepo mwanana, ati kwa sarufi yao ni neno la kiume. Huyo mtoto akakaa miaka yote kwenye karatasi za serikali ameandikwa Msichana, yaani neno lenyewe, Stúlka, kama hana jina, nyumbani wanamwita Blær, kanisani alibatizwa Blær. Januari 2013 akiwa na miaka 15 mahakama ikampa jina lake. Miaka 6 baadaye, 2019, wakabadilisha na sheria, jina likishakubaliwa analibeba mtu yeyote, wa kike au wa kiume. Fikirieni miaka 15 unaitwa Msichana tu.

Sasa wazazi wangu, mimi nina la kusema kuhusu majina tunayowapa watoto siku hizi na nitalisema kwa upendo. Watu wananijia wananiuliza mwalimu, hili jina ni la ajabu, je ni zuri kwa mvulana? Mimi siku hizi najibu kwa swali moja. Mtoto akifika miaka saba na akaulizwa na wenzake kwa nini unaitwa hivo, atajibu nini? Kama una jibu la kumpa, mpe hilo jina, hata kama hakuna mwingine analo kuanzia hapa mpaka Bundibugyo, hata kama masikio ya jirani yanasikia msichana. Kama umelitoa tu kwenye intaneti saa sita usiku kwa sababu lilikuwa na herufi nzuri, ngoja kwanza. Nimekuwa na watoto darasani wenye majina matatu ya filamu, namuuliza maana yake, ananitazama tu. Mama naye hajui. Huyo mtoto siku wakimtania hana pa kushika.

Na yale majina ya uchungu je? Acan na Ocan za Acholi, ni umaskini na taabu. Mateso, Shida, Tabu za Kiswahili. Kuna watu wanasema yafutwe, ati yanamlaani mtoto. Mimi siko pamoja nao, lakini siwakatai moja kwa moja. Mama aliyemuita mtoto wake Mateso alikuwa anaandika historia yake kwa kalamu pekee aliyokuwa nayo, sisi ni nani tuifute. Ila mama huyo ana deni. Lazima amkalishe mtoto chini amwambie mateso yalikuwa yangu, wewe ndo uliyafunga. Asipomwambia mtoto anabaki anafikiri yeye ndo mateso yenyewe, na nimeiona hiyo, nimeiona kwa macho yangu kwa msichana aliyekuwa anaandika jina lake kwa herufi ndogo ndogo pembeni ya karatasi.

Jambo la mwisho ni la karatasi, msiondoke kabla sijalisema. Usimwachie karani akisie. Ukienda kuandikisha mtoto, kliniki, shule, kitambulisho, kokote, soma kwenye kioo cha kompyuta au kwenye fomu kabla hujaweka saini, jina herufi kwa herufi, halafu teremka kwenye jinsia uiangalie kwa kidole. Kama jina ni Muhindo, Kizza, Mbabazi, Busingye, Arinaitwe, Amooti, au Chelimo, iangalie mara mbili. Ukikuta kosa lisemee palepale, kesho ni safari. Sheria ya usajili wa watu ya 2015 inaruhusu kosa lisahihishwe, inaruhusu hata mtu mzima kubadilisha jina lake kwa kutangaza kwenye gazeti rasmi la serikali, lakini njia ni ndefu na mimi nimeipita kwa miguu. Na wewe karani, najua mko wawili au watatu humu, kuuliza si aibu. Sema tu dada, hili jina sijalizoea, ni la binti au mvulana? Tutakujibu na tutakusimulia na hadithi yake.

Haya, fomu za watahiniwa wa mwaka huu ziko pale kwenye meza ya dirishani, zimepangwa darasa kwa darasa. Mje mmoja mmoja, Baba Masika ameshasimama wa kwanza namwona. Nitakuwa nimekaa pale na kalamu. Nisomee jina la mtoto wako kwa sauti, uangalie jinsia, uweke saini, halafu niambie na maana yake, nimenunua daftari nitakuwa naziandika.